Kizimbani

Bibi yangu alikuwa akivaa koti la babu anapokwenda shambani. Si kwa ajili ya baridi. Masasi hakuna baridi ya koti wakati mahindi yanabeba. Alilivaa kwa sababu ya nyani. Nyani wa kwetu, wale wanaoshuka kutoka kwenye majabali asubuhi umande haujakauka, humkimbia mwanamume na kumzoea mwanamke. Mwanamke akipiga kelele wanageuza shingo, wanamtazama, kisha wanaendelea kuvunja mahindi. Basi bibi alivaa koti, akavaa na kofia ya babu, akaweka mpini wa jembe begani kama mtu aliyebeba gobore, akapanda dunguni. Nami nilipanda nyuma yake na debe bovu la kupiga.

Nilikuwa na miaka tisa. Siku moja dume moja kubwa lilikaa kwenye kichuguu, hatua kama thelathini kutoka dunguni, likamtazama bibi kwa muda mrefu. Bibi hakusema neno. Aliniziba mdomo kwa kiganja chake, maana alijua akitoa sauti tu, yule nyani atamtambua. Kiganja kilinuka muhogo mbichi. Tulikaa hivyo, mtu aliyejifanya mtu mwingine na mnyama aliyekuwa akimpima, mpaka lile dume likainuka na kuondoka polepole na kundi lake.

Mwaka uleule mjomba alinipeleka mjini kutazama video. Kibanda kilikuwa cha magunia, jenereta linanguruma nje, mabenchi ya mabanzi, na televisheni imewekwa juu ya kreti mbili za soda. Kando yake alikaa kijana aliyemaliza kidato cha nne, ameshika kipaza sauti, akitutafsiria. Filamu ya siku ile aliiita Sayari ya Nyani. Ni Planet of the Apes ya mwaka 1968, iliyoongozwa na Franklin J. Schaffner, na Charlton Heston akiigiza kama mwanaanga Taylor. Ukitaka usahihi, ndani yake hamna nyani hata mmoja. Kuna sokwe, gorila na orangutangu. Lakini yule kijana alisema nyani, na kwa sisi tuliokuwa tumetoka mashambani kulinda, neno lile lilitosha.

Nimeitazama mara nyingi tangu hapo, na bado naiona ni filamu kubwa. Nitasema kwa nini, na nitasema pia pale inaponiuma.

Wanaanga wanne wanaondoka duniani. Mmoja, mwanamke pekee kati yao, anafia usingizini njiani. Chombo kinaanguka ziwani, na saa yake inaonyesha mwaka 3978. Wanaume watatu wanavuka jangwa mpaka wanafika penye maji na majani mabichi, na hapo wanawakuta watu. Watu hao wamevaa ngozi, hawasemi, na wamejaa ndani ya shamba la mahindi wanakula. Kisha inalia baragumu. Majani yanatikisika, fimbo zinapigwa ili kuwatoa waliojificha, na wanatokea gorila juu ya farasi, wameshika bunduki na nyavu.

Kibanda kizima kilipiga yowe. Mimi sikupiga. Nililijua lile shamba. Niliijua ile namna ya kuvunja hindi, kung'ata mara mbili na kulitupa. Kwa muda mfupi, kabla sijaelewa kinachotokea, nilikuwa upande wa wenye farasi, kwa sababu walikuwa wanafanya kazi ya bibi.

Hapo ndipo filamu hii ilipoanzia kwangu. Wengi wanaosimulia habari zake wanaanzia mwisho, kwenye ile sanamu iliyozama mchangani. Sawa, mwisho ule una nguvu. Lakini mimi nadhani moyo wa filamu uko katikati, kwenye mambo mawili: maandishi ya mchangani na kesi.

Katika ule msako Taylor anapigwa risasi ya koo. Hafi, ila sauti inakatika. Anafungiwa pamoja na watu wengine wasiosema, na daktari sokwe aitwaye Zira anamwona kuwa ana akili kuliko wenzake, anampa jina la Macho Maangavu. Taylor ana jina lake. Ana elimu yake. Ameongoza chombo kilichovuka nyota. Lakini hana sauti, basi ni Macho Maangavu. (Wazee wetu wa kusini waliokwenda kukata mkonge waliitwa manamba, maana kule shambani walijulikana kwa namba.) Siku moja, akiwa nje kwenye kizimba cha wazi, anainama na kuandika mchangani. Dokta Zaius, orangutangu, waziri wa sayansi na mlinzi mkuu wa imani, anayaona yale maandishi. Hashtuki. Hamwiti mtu. Anayafuta kwa fimbo yake.

Nilipokuwa mtoto tukio lile lilinipita. Leo siwezi kulitazama bila kusimamisha picha. Kwa sababu Zaius hafuti kwa ujinga, anafuta kwa kuwa ameweza kusoma. Kati ya wote waliopo pale yeye ndiye anayeelewa kwamba aliyemo kizimbani ni mtu, na kwa sababu hiyo hasa, herufi zile hazitakiwi kuonwa na mwingine.

Kazi yangu ni kuandikia watu. Nina duka dogo la steshenari hapa Mtwara mjini, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, lakini kinachonilisha zaidi ni barua. Mtu anakuja na shauri lake kichwani, anakaa kwenye stuli, ananisimulia, mimi nachapa. Maombi ya kazi, barua kwa mtendaji wa kata, madai ya malipo ya korosho, rufaa. Mara nyingi, nikimaliza kumsomea mtu barua yake, ananyamaza kidogo kisha anasema, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Hakusema hivyo hasa, mimi nimepanga maneno. Lakini amejisikia, na uso wake unabadilika. Ninaujua ule uso. Ndio alionao Taylor pale anapompokonya Zira kitabu na kalamu, akaandika jina lake, na Zira akalisoma.

Babu, mwenye lile koti, alikuwa na kesi ya mpaka wa mikorosho miaka ya tisini. Mahakama ya Mwanzo alishinda. Kule kila kitu kilisemwa kwa Kiswahili. Mwenzake akakata rufaa, shauri likapanda juu, na hukumu ikatoka kwa Kiingereza. Kurasa nne, zimegongwa muhuri. Babu alisoma vizuri sana. Alisoma Kurani, alisoma magazeti, alisoma mpaka maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Zile kurasa nne alizigeuza huku na huku sebuleni, akamwomba mjomba amtafutie mwalimu wa sekondari wa kumsomea. Mwalimu alipopatikana, muda wa kukata rufaa ulikuwa umepita. Babu alikunja hukumu ile, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Bibi alikuwa akipanda nayo dunguni.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Siku niliyosikia habari ile nilifunga duka mapema nikaenda kukaa ufukweni Shangani mpaka jua likazama. Babu alikwishafariki.

Lugha yetu ina neno ambalo waandishi wa filamu ile wangelipenda. Kizimba ni pale tunapofungia kuku au mnyama, na kizimbani ndipo anaposimamishwa mshitakiwa. Neno ni moja. Taylor anatolewa katika kizimba kimoja na kupelekwa katika kingine. Sauti imeshamrudia, alipokuwa akikimbia mjini wakamnasa kwa wavu, akapaza kilio chake cha kwanza, na masokwe wote sokoni wakaganda. Yule kijana wetu wa kipaza sauti alikitafsiri, "Niacheni, manyani nyie!" na watu wakarusha kofia. Lakini barazani, mbele ya waamuzi watatu orangutangu, sauti ile haimsaidii. Mwendesha mashitaka anasema kiumbe huyu hana haki chini ya sheria ya masokwe. Vitambaa alivyojifunika vinavuliwa. Anaulizwa maswali ya dini yao, na asipoyajua inakuwa ushahidi kwamba hana akili. Cornelius, mchumba wa Zira, anapoanza kueleza alichokifukua kwenye eneo lililokatazwa, waamuzi wale wanajiziba, mmoja macho, mmoja masikio, mmoja mdomo.

Sisi tunasema kesi ya ngedere usimpelekee nyani. Msemo huo nimeusikia tangu utotoni, kwenye vikao vya ukoo na kwenye mabaraza, na sijawahi kuona picha iliyoutafsiri vizuri kama ile.

Aliyeandika kesi ile hakuibuni hewani. Hadithi yenyewe ilitoka kwenye riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle ya mwaka 1963. Boulle alikuwa mhandisi, akafanya kazi kwenye mashamba ya mpira huko Malaya, kisha wakati wa vita akatiwa mbaroni na kufungwa kazi ngumu. Alikaa upande wa msimamizi na upande wa mfungwa katika umri mmoja. Mswada wa filamu ulianza kuandikwa na Rod Serling, ukaandikwa upya na Michael Wilson. Na Wilson, mwaka 1951, aliitwa mbele ya kamati ya bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti, akakataa kujibu, akanyimwa kazi Hollywood kwa miaka mingi. Aliendelea kuandika bila jina lake kutajwa. Moja ya miswada hiyo, kutoka riwaya nyingine ya Boulle huyohuyo, ilipata tuzo ya Oscar, na tuzo ikaandikwa jina la Boulle, mtu aliyeandika kwa Kifaransa. Haki ya Wilson ilirudishwa miaka ya 1980. Alikuwa amefariki mwaka 1978.

Kwa hiyo ninapowaona wale orangutangu watatu sioni mzaha. Namwona mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti kile, akaulizwa kwa lugha ya imani isiyo yake, akaandika baadaye kilichompata na kukivika manyoya.

Hayo manyoya yalitengenezwa na John Chambers, ambaye kabla ya filamu alikuwa akiwatengenezea masikio na pua za bandia askari waliojeruhiwa vitani. Alipewa tuzo ya heshima ya Oscar kwa kazi ile. Waigizaji wamesimulia kwamba wakati wa chakula cha mchana walikaa makundi makundi bila kuambiwa na mtu: gorila na gorila, sokwe na sokwe, orangutangu na orangutangu. Nilipolisoma hilo nilikumbuka Newala, kwa ndugu wa mama yangu, na mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Kinyago cha lipiko kinafunika kichwa kizima, na anayecheza si mtu tena, hata kama nyumbani unamfahamu kwa jina la ukoo. Sisi wanawake na watoto ilitupasa kukimbia. Tulikimbia kweli. Wachongaji wa Kimakonde walichonga wageni pia, Mzungu na wengineo, wakavaa sura zao na kuzicheza uwanjani. Yaani huku mchezo wa kuvaa sura ya aliye juu yako unajulikana zamani. Ninachokijua kutoka kule ni kwamba ukivaa sura kwa muda mrefu, miguu nayo inaanza kwenda upande wa wenye sura hiyo.

Sasa panaponiuma.

Kati ya wale wanaanga watatu yumo mmoja mweusi, Dodge. Ndiye mwanasayansi anayeupima udongo na kutafuta uhai. Pale kibandani tulimpenda mara moja, tukawa tunamngojea. Wakati wa msako anauawa, na picha inakwenda na Taylor. Baadaye Taylor akikimbia anaingia kwenye jumba la makumbusho la masokwe, na humo anamkuta Dodge amesimama. Amekaushwa na kujazwa, kama tunavyoona ndege na swala katika majumba ya makumbusho. Kibandani mjomba alinifunika macho, amechelewa.

Filamu inapita pale haraka. Mimi siwezi kupita. Mwaka 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kijana Mwafrika kutoka Kongo, Ota Benga, aliwekwa katika nyumba ya nyani ili watu waje kumtazama. Walikuja kwa maelfu. Alijiua mwaka 1916. Filamu inamwogopesha mtazamaji kwa kumwambia: fikiria mtu amewekwa kizimbani na kuonyeshwa kama mnyama. Nasi hatuhitaji kufikiria. Wala haikuhitajika kungoja mwaka 3978.

Jumba lile la makumbusho linanipeleka pia Tendaguru, kule Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua pale mifupa ya dinosaria, na watu wa kwetu wakaibeba kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, mizigo kwa maelfu. Mnyama mrefu kuliko wote amesimama leo Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Jina lake la kisayansi limebeba jina la Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho. Kati ya wachimbaji na wapagazi, jina la msimamizi wao Boheti bin Amrani limehifadhiwa. Wengi wa wenzake ni idadi. Zaius angeielewa kazi ya mwenye kuandika vibandiko vya makumbusho.

Kuna na Nova. Ni mwanamke anayepewa Taylor ndani ya kizimba, na anaandamana naye mpaka mwisho bila kusema neno. Filamu iliyogeuza kila kitu juu chini ilisahau kumgeuza mwanamke. Mwanaanga wa kike alishafia usingizini, na Nova anabaki mzuri na bubu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini waandishi waliojua vizuri hivyo uchungu wa kunyimwa sauti hawakumpa hata nusu ya sentensi. Zira peke yake anawaokoa, Zira mwenye hasira na huruma, ambaye Kim Hunter amemwigiza kwa macho tu, maana uso wote umefunikwa.

Mwisho mnaujua. Taylor anapanda farasi ufukweni, Nova nyuma yake, na anakuta Sanamu ya Uhuru imezama mchangani, anaelewa kwamba sayari ile ni dunia yake ileile aliyoiacha. Anapiga magoti anapiga mchanga ngumi. Kwa watu wa New York naamini picha ile ilikuwa kama kupigwa kofi. Mimi nimetembea Kilwa Kisiwani. Unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, unashuka, na mbuzi wanalala kwenye kivuli cha kuta za mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuusifu, na Wareno wakaupora mwaka 1505. Kwetu, mji mkubwa uliobaki magofu kando ya bahari una wakazi, una watoto wanaokwenda shule, una akina mama wanaoanika samaki. Nililia na Taylor mara ya kwanza. Siku hizi ninamwangalia Nova, ambaye hajui sanamu ile ni nini, na kwake ule ni ufuko tu wenye jiwe kubwa.

Mwezi wa nne bibi alikuja kukaa kwangu kwa ajili ya matibabu ya macho. Jioni moja mvua ilinyesha, wateja hakuna, nikafunga mlango nikamwekea filamu hii kwenye kompyuta ya dukani. Nilikaa kando yake nikitafsiri, kama yule kijana wa Masasi. Alipoona watu mahindini alisonya. "Wamemaliza shamba la watu," alisema. Walipotokea wenye farasi akasogea mbele. Alipoona nyavu akanyamaza. Kesi aliisikiliza yote, kichwa ameinamisha, mikono kwenye mapaja, nami nikajua anamwaza nani. Kwenye sanamu aliuliza kama imevunjika, nikamwambia imezama. Akaitikia tu.

Kisha akasema, "Rudisha pale kwenye mahindi."

Nikarudisha.

"Huyu aliyepigwa koo. Kabla hawajampiga, alikuwa anasema nini?"

Nikarudisha tena, nyuma kidogo, pale Taylor amesimama na wenzake pembeni mwa shamba wakiwatazama wale watu wanaokula. Nikamtafsiria: "Anasema, kama hawa ndio bora waliopo hapa, baada ya miezi sita sisi ndio tutakuwa tunaitawala sayari hii."

Bibi alinigeukia. "Huyu si ndiye mgeni? Si amefika leo?"

"Ndiye, bibi."

"Hata maji ya kunywa hajaomba."

"Hajaomba."

Akavuta khanga mabegani, akasogeza kiti karibu na kioo. "Rudisha tena," alisema.